Sauti ya Chini ya Mama Yako

Chikongola, Mtwara
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Skolastika mwanangu,

Salamu sikupi, maana umeniamkia asubuhi na kikohozi changu umekisikia mwenyewe. Tuko nyumba moja, ukuta mmoja tu unatutenganisha, na nakusikia unavyolivuta sanduku sakafuni na kulirudisha pale pale. Naandika kwa sababu mdomo wangu siuamini. Mdomo huu ukishapata msikilizaji hutafuta kuchekesha, na jambo nililonalo halichekeshi. Linanitia kinyaa tangu Jumapili.

Ya safari sitayagusa. Basi, kivuko cha Rufiji, chandarua, nani wa kumwamini na nani wa kumkwepa huko Dar es Salaam, hayo mama yako na shangazi zako wamekuambia wiki nzima, na kwa uso wako naona umekwisha kuyachoka. Mimi nina moja tu, nalo ni refu. Kaa kitandani ulisome.

Jumapili tulikuaga. Watu walijaa uani, wakala wakashiba, na mtu aliyeshiba hutaka kucheka. Mmoja akaita, "Mwalimu, tupe ile ya Mama Skola na kwaya." Nikajikohoza nisimame kama kawaida yangu. Wewe ukanishika bega ukasema, "Kaa, baba, leo naisimulia mimi." Ukaisimulia. Ukajifunga khanga kiunoni kama anavyojifunga mama yako, ukafumba macho, ukaishusha sauti mpaka chini kabisa, ukaikwaruza na kuivuta huku ukiburuza mguu mmoja mchangani. Ukafika kwa yule mbuzi aliyekuwa akila majani nje ya kanisa, akasikia sauti ya Mama Skola, akakata kamba akakimbilia mtoni. Watu walishika mbavu. Mimi nilicheka kuwashinda wote, maana uliipiga vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Kisha nikamwona mama yako mlangoni na sinia la vikombe. Hakununa. Alitabasamu, tabasamu lile analompa mgeni asiyemjua, akaweka sinia mkekani akarudi jikoni. Bi Hadija jirani yetu alimfuata. Alipotoka alipita kando ya kiti changu, akainama kama anayeokota kitu, akaniambia, "Hiyo hadithi yako ina umri gani sasa, Mwalimu? Ingekuwa mtoto wa kike tungekwisha kumcheza unyago." Akaenda zake.

Basi nikahesabu. Ina miaka kumi na miwili. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye ubatizo, barazani na walimu wenzangu, mara moja hata msibani. Na kwa kuwa wewe umeikuta hadithi nyumbani kama ulivyovikuta viti na kabati, umedhani ni kweli. Leo nakuambia ilivyokuwa. Ukinichukia utakuwa umenikuta njiani, mimi nimekwisha kutangulia.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya pale misheni, kule bondeni karibu na Mahurunga. Wewe ulikuwa na miaka saba na ulikuwa ukikaa kwa bibi yako, ndiyo maana hukuona. Padre aliyekuwapo wakati ule, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha muziki. Alinipa kile kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kijani ambacho wewe umekisomea juzi juzi. Nilikipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na hilo nalo linanichefua ninapoliandika. Nilijifunza noti na mistari yake mitano, nikajifunza ufunguo, mapigo, ngazi ya sauti kutoka do hadi do ya juu. Nilijifunza kupima umbali wa noti kwa noti: do hadi mi ni tatu, do hadi fa ni nne, do hadi sol ni tano. Kijana wa kutoka shamba la mihogo, ghafla najua kitu ambacho hata mkuu wa wilaya hakijui. Nilitembea na kitabu kile kwapani mpaka shati likachanika.

Sura iliyonipendeza zaidi ilikuwa ile ya makosa. Ukishajua kupanga sauti nne, soprano, alto, teno na besi, kitabu kinakupa orodha ya mambo yaliyokatazwa. La kwanza katika orodha unalijua: sauti mbili zisiandamane kwa tano. Huyu akiimba sol na yule do, basi wakipanda pamoja huku wakiushika umbali ule ule, ni kosa. Kosa kubwa. Padre alikuwa akilitia alama ya msalaba mwekundu kwenye daftari langu, na mimi nikajifunza kuliona kosa hilo kama mwanamke anavyouona mchanga kwenye mchele. Nililitafuta kila mahali. Nilikuwa nikipita njiani nawasikia akina mama wakirudi mtoni, nasema moyoni, tano hiyo, na tano nyingine, washenzi hawa. Ndiyo, neno hilo. Mimi, ambaye mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakirudi mtoni.

Mama yako alikuwa kwenye kwaya kabla sijaoana naye. Unajua kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, alivushwa pale kivukoni Kilambo akiwa binti. Alikuja na wanawake watatu wa ukoo wao, na wote wanne waliimba pamoja, bega kwa bega, kwenye benchi la nyuma upande wa alto. Alto haikuwakaa. Niliwafundisha kwa solfa, do, re, mi, noti moja moja, wakaishika, lakini wimbo ukipamba moto wanaiacha wote wanne kwa pamoja, wanashuka, wanakwenda kuufuata wimbo kutoka chini. Wimbo ukipanda wanapanda nao, ukishuka wanashuka. Tano tupu, toka mwanzo mpaka mwisho.

Jioni moja nyumbani nilimwuliza, "Yustina, alto ina ubaya gani? Mbona huikai?"

Alikuwa akimenya mihogo. Akasema, "Hiyo alto yako haina utu. Mwenzangu anapanda kilima, mimi nimeambiwa nisimame hapo hapo niseme la, la, la. Kwetu mwenzako akipanda unapanda naye."

"Kitabu kinakataza."

"Basi kitabu kiimbe chenyewe," akasema, akaendelea na mihogo yake. Nilicheka. Siku hizo tulikuwa tukicheka pamoja.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo hadithi yangu ya uani inapopinda. Ulikuwa mwaka ule baada ya Uhuru, na kwaya za misheni zote za upande wetu zilikuwa zinakwenda kushindana. Wiki mbili kabla, Padre alishikwa na homa akalala. Nikaendesha mazoezi peke yangu. Mafundi walikuwa juu wanarekebisha paa la kanisa, nyundo zinagonga, na kinanda kilikuwa kimeingiwa na panya, ukikikanyaga kinatoa harufu ya mkojo kabla hakijatoa sauti. Nikakiacha. Nikasema tuimbe hivi hivi. Wale wanne wakashuka chini ya wimbo wao, na kwa kuwa Padre hakuwapo sikuwasimamisha. Nilisema moyoni nitawasimamisha ubeti wa pili.

Sikuwasimamisha. Mwanangu, sijui nikuambieje. Kanisa lile nililijua tangu utoto, na siku ile lilikuwa kama limepata sakafu ambayo halikuwa nayo. Soprano ambao siku zote walikuwa wakiyumba waliimba bila kuyumba, kwa sababu kulikuwa na watu chini yao. Nyundo zilinyamaza juu ya paa. Walipomaliza, fundi mmoja akachungulia kwenye tundu la bati akasema, "Rudieni huo." Tukaurudia, tena nikawaacha, wakaimba wote kwa tano mpaka neno la mwisho. Nilitoka nje nikasimama peke yangu kwa kuwa macho yalikuwa yamenijaa.

Nilisikia. Hilo ndilo nililolificha miaka kumi na miwili. Hadithi yangu inasema mama yako hakuwa na sikio. Aliyeharibu ni mimi, maana sikio langu lilisikia vizuri kabisa na mimi nikalikana.

Wiki iliyofuata Padre alipona, akaja mazoezini amejifunga shuka shingoni. Tukaimba. Mama yako na wenzake, kwa kuwa mara ya mwisho hawakukatazwa, walishuka tangu mstari wa kwanza. Padre akanyoosha mkono. Wimbo ukakatika. Akauliza, "Nani anaguna huko nyuma?"

Watu arobaini walinitazama. Ningeweza kusema, Padre, ni mimi niliyewaruhusu. Ningeweza kusema, Padre, hebu wasikilize kwanza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkali, nakuapia, pengine angesikiliza. Mimi nikasema, "Ni Yustina, Padre. Nimemkanya mara nyingi, hasikii."

Sikuwa nimemkanya. Nilikuwa nimelia nje ya kanisa. Na ili Padre aone kwamba mwalimu wake ni mwalimu kweli, nikachukua fimbo ya kuongozea, nikamwelekezea mke wangu mlango, nikasema kwa sauti kubwa, "Toka nje. Unaburuza wimbo kama unaburuza gunia la korosho." Kwaya ikacheka. Hapo ndipo hadithi yetu ya kuchekesha ilipozaliwa, ukitaka kujua siku yake.

Mama yako alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu, kumbe umemfananisha. Akachukua khanga yake kwenye benchi akatoka. Wale watatu hawakuambiwa kitu na mtu. Waliinuka mmoja mmoja wakamfuata, na ndivyo wanavyoimba kwao, hawaachani. Mashindano tulipata nafasi ya pili. Cheti kile kilichoko sebuleni, ambacho kila mgeni hukisoma kabla hajakaa, ndicho hicho. Ndicho kilichonileta mjini. Leo asubuhi nimekigeuza kikatazama ukuta, na mdogo wako amekigeuza tena akidhani ni upepo.

Tangu siku ile mama yako hajaimba. Wewe ulibembelezwa kwa nyimbo, huenda unakumbuka kidogo. Wadogo zako wawili walibembelezwa kwa kupigwapigwa mgongoni. Watu wakiuliza, nilijibu mimi kwa niaba yake: "Huyu? Huyu hana sauti." Kisha nasimulia. Mwaka wa kwanza hadithi ilikuwa na gunia tu. Mguu wa kuburuza niliuongeza baadaye nilipoona watu wa mjini wanaupenda. Mbuzi nilimwingiza mwaka wa tatu. Hakukuwa na mbuzi, Skola. Niliuchukua wakati ule mbaya wa mke wangu nikaukarabati kila mwaka kama mtu anavyokarabati banda, ili upendeze wageni. Nikifikiri mikono hii ndiyo iliyokuwa ikipiga makofi, sitaki hata kuitazama.

Wale wanawake watatu hawapo tena hapa. Walikasirika, wakavuka kurudi kwao, na haikupita muda vita vikaanza ng'ambo. Mmoja tulisikia amefariki. Wawili hatujui. Mama yako huwa anakwenda kuwauliza wakimbizi wapya kila wanapofika, umemwona akienda, ukadhani anauliza habari za ndugu tu. Kuimba kule si kwa mtu mmoja. Hata akitaka leo, hana wa kuimba naye.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo wewe ulikuwapo.

Masika iliyopita chuo cha ualimu unachokwenda kilikuletea karatasi ya mambo ya kujisomea kabla ya usaili. Nusu ya kwanza ilikuwa rahisi, noti, ngazi, mapigo, umbali, hayo nimekulisha tangu ukiwa mdogo. Nusu ya pili iliandikwa: mwanzo wa muziki wa Ulaya. Ukaja na kitabu cha kijani ukasema, "Baba, nisaidie na huku nyuma." Kule nyuma kulikuwa na sura za historia, herufi ndogo ndogo, na mimi sikuwahi kuzisoma. Zaidi ya miaka ishirini nina kitabu kile na sikuwahi. Mtihani wangu haukuuliza historia, na orodha ya makosa ilinitosha.

Tukasoma pamoja mezani, mvua inapiga bati, mama yako amekaa mlangoni anabangua korosho. Tulianza na watawa wa zamani kule Ulaya, walivyokuwa wakiimba sala zao kwa sauti moja, bila kinanda, bila ngoma, wote wimbo mmoja. Hawakuwa na mistari mitano. Walitia vialama juu ya maneno, kama vijiti na vikono, kuonyesha sauti inapanda au inashuka, lakini vialama havikusema inapanda kiasi gani. Ilikuwa lazima uwe umekwisha kuusikia wimbo kwa mtu. Ukasema, "Kama unyago tu, usipofundishwa na mtu hujui." Nikasema, ndiyo, kama unyago. Nilikuwa bado nimechangamka.

Tukasoma juu ya mtawa wa Italia aliyechoka kufundisha wavulana kwa kukariri, akaweka noti juu ya mistari, mmoja mwekundu kwa fa, mmoja wa njano kwa do. Akatoa majina ya noti kwenye mwanzo wa mistari ya wimbo wao wa kanisani. Do siku hizo ikiitwa ut, na majina yalikuwa sita, ti ikaja baadaye sana. Ulifurahi na ut, ukaiimba imba nyumba nzima. Nawe ulishangaa kwamba tatu, ile tatu tamu ya do na mi ambayo kila kwaya inaitegemea, wazee wale waliihesabu kuwa chungu, haifai kumalizia wimbo.

Halafu ukageuza ukurasa ukasoma kwa sauti. Kwamba sauti ya pili, siku ilipoingia mara ya kwanza katika muziki wa kanisa lile, iliingia hivi: mmoja anaimba wimbo, mwenzake anaimba wimbo ule ule chini yake, kwa nne au kwa tano, akipanda naye na kushuka naye, bila kuachana mpaka mwisho. Kwamba waliandika vitabu kuusifu utamu wake. Kwamba haya ya soprano na alto na besi, ambayo yalijaza makanisa makubwa baadaye, yalianzia hapo. Na kwamba ile kanuni ya kukataza tano zisiandamane ilitungwa karne nyingi baadaye na watu wengine waliokuwa wamekinai.

Ulitua kitabu ukacheka, ukasema, "Kumbe watawa walikuwa wanaburuza kama mama."

Mama yako alisikia jina lake. Aliacha kubangua, akauliza kutoka mlangoni, "Wanasemaje hao watawa?"

Kitabu kilikuwa mbele yangu, kimefunguliwa. Ningeweza kumsomea. Ningeweza kumtafsiria mke wangu mistari minne tu, angejua kwamba hakukosea, kwamba alichokifanya kwenye benchi la nyuma kilikuwa na heshima kabla ya Padre na kabla ya kitabu na kabla ya bwana mwalimu mwenye fimbo. Miaka kumi na miwili alikuwa amengoja bila kujua anangoja nini, na sasa ameuliza mwenyewe.

Nikasema, "Mambo ya zamani tu. Endelea kusoma, Skola."

Ukaendelea kusoma. Ndiyo maana nakuambia kinyaa hiki si cha jambo la ujana. La ujana ningesema nilikuwa na woga, nilikuwa na kitabu kipya. Hili la masika ni la mzee mwenye mvi aliyejua kila kitu, na bado akauchagua usalama wa hadithi yake. Na Jumapili nikakaa kwenye kiti nikakutazama ukimvua mama yako nguo mbele za watu kwa maneno yangu mimi. Ulichokifanya nilikufundisha. Ulikifanya kwa upendo, nimeona, ulidhani ni mchezo wa nyumbani na kwamba mama naye anaufurahia. Lakini ulikifanya, na umri wako sasa ni wa kuambiwa.

Unakwenda kuwa mwalimu wa muziki. Watakupa kitabu, na fimbo, na watoto hamsini. Sikuambii uzitupe kanuni, mtihani unazitaka na nyingine zina maana. Mimi kanuni haikunikosea. Nilisikia kitu kizuri nikajifanya sikusikia, kwa sababu mkubwa alikuwa amekunja uso. Sijui nikupe dawa gani ya hilo. Labda ukumbuke tu kwamba baba yako, ambaye watu wa Chikongola wanamwamkia kwa heshima, alifanya hivyo kwa mkewe, na kwamba ilikuwa rahisi sana. Haikuchukua hata muda wa ubeti mmoja.

Leo mchana nilijikaza nikaenda jikoni. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo, uso umejaa weupe. Nikakaa kwenye kibao, jambo ambalo sijalifanya tangu tuhamie mjini, akanitazama kama ameona kuku amevaa viatu. Nikamsomea ile sura ya historia, kwa Kiswahili, polepole, mstari kwa mstari. Aliendelea kuchekecha. Nilipofika pale pa sauti ya chini mkono wake ulisimama.

Akasema, "Wewe umekijua hiki lini?"

"Masika."

"Siku ile niliyouliza."

"Siku ile."

Akatikisa chekecheo mara mbili tatu. Nikamwambia yote, la fundi wa paa, la kulia nje, la kumdanganya Padre. Akasema, "La Padre najua. Nilikuwapo. Hukunikanya hata siku moja." Kisha akasema, "La kulia sikulijua." Nikadhani hapo pamefunguka. Nikasema, "Mama Skola, nimekukosea, nisamehe."

Akasema, "Hapana."

Alisema bila kupandisha sauti, kama unavyomwambia mtoto kwamba chumvi imekwisha. Nikangoja. Akasema, "Ulikuwa na siku nyingi, Baba Skola. Umekuja leo kwa sababu mtoto anaondoka na umeona aibu yako inapanda basi. Siwezi. Labda nitaweza siku nyingine, leo siwezi." Akaendelea na unga.

Sikumlaumu na wewe usimlaumu. Niliinuka, nikafika mlangoni, nikauliza, "Na mtoto je?"

Hapo aliweka chekecheo chini. Akasema, "Jumapili niliuma khanga nisipige kelele. Lakini mtoto hakunitoa kanisani. Amekula alichopakuliwa. Akija mwenyewe, bila wewe kumshika mkono, nitamsikiliza."

Ndiyo maana sikukuita. Ndiyo maana nimeandika, na nitaipenyeza barua hii chini ya mlango wako sasa hivi, jua lingali juu, nikiisha kuandika jina langu. Usiseme utamwambia kesho kituoni. Kesho kutakuwa na shangazi zako na mizigo na utingo anayepiga kelele, na mama yako atakupa tabasamu lile la mgeni, utaondoka nalo mpaka Dar es Salaam ukidhani umeagwa. Mimi nilikuwa na kesho nyingi za namna hiyo.

Yuko jikoni, peke yake. Bi Hadija nimemwomba asije. Wadogo zako nimewatuma sokoni. Acha sanduku wazi hivyo hivyo, nenda. Mimi nitakuwa huku barazani, wala usinipitie kwanza kuniambia kitu. Mimi nilikwenda, na jibu langu nimepewa.

Baba yako,
Leonsi